Mengine ni ya Gari

Kuna watu wanaoamini kwamba fundi wa magari hawezi kusema kweli hata akiulizwa jina la mama yake, na wengi wao hupita Mikumi kila siku ndani ya magari yanayogonga. Herman aliwajua vizuri. Gereji yake iko kando ya barabara kuu, jirani na wachoma mahindi, na kwa miaka mingi alibishana na wateja mpaka sauti ikamkauka. Anawaambia bushi zimekwisha, wao wanamwita mwizi. Siku alipochoka kubishana alinunua simu yenye kamera nzuri akamkabidhi Fausta, fundi wake wa kike.

"Wamekataa kusikia," alisema. "Sasa waone."

Ikawa ndiyo kazi. Gari likiingia kukaguliwa, Fausta anajitosa uvunguni na simu na tochi. Anamulika palipochakaa, anatikisa kinachocheza, anagusa kwa kidole panapovuja, huku akieleza kwa maneno ambayo hata mtu asiyejua boneti inafunguliwaje atayaelewa. Video fupi inamfuata mwenye gari huko aliko, Ifakara au Iringa au Dar es Salaam, anaona kwa macho yake. Ugomvi ukapungua. Walikuwepo hata waliowaonyesha wake zao, wakijisifia tairi mbovu kama watu wanaoonyesha picha za harusi.

Fausta alikuwa na kipaji cha kazi ile, hilo halina ubishi. Sauti yake ilikuwa tulivu na haikumdharau mtu. Abubakari, fundi mkubwa wa pale, mwenyeji wa Chanzuru, alikuwa akisema kwamba Fausta akikuambia gari lako linakufa, wewe unamshukuru.

Herman alikuwa na sharti moja tu. "Anza na ugonjwa. Mtu akifungua simu, kitu cha kwanza akione kilicho kibovu. Salamu weka baadaye, au usiweke kabisa. Watu hawana subira, na bando nalo lina mwisho."

Kwa vijana na watu wa makamo sharti hilo Fausta alilishika. Kwa wazee lilimshinda. Mtoto aliyelelewa milimani juu ya Berega, tena katika nyumba ya mzee wa kanisa, hawezi kuanza kuzungumza na mzee wa watu kwa kumwonyesha tairi. Ataanza na shikamoo, atanyamaza kidogo kana kwamba anaitikiwa, ataulizia habari za nyumbani, ndipo aingie uvunguni. Herman aligomba weee, mwisho akaacha, maana wazee wenyewe walipenda.

Hapa lisemwe jambo ambalo gereji nzima ililijua na hakuna aliyelitaja. Huyu binti aliyewaamkia wazee wa watu kutwa nzima, baba yake mwenyewe alikuwa hamwitikii.

Mzee Melkizedek alikuwa amesimama kanisani siku moja akawatangazia watu kwamba mwanawe Fausta anasomea uuguzi, na akimaliza atarudi kuwahudumia katika hospitali ya misheni. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akamwombea binti. Wakati huo binti alikuwa ameshaacha chuo cha uuguzi muda mrefu, yuko Mikumi amelala chini ya lori, na hakumwambia mtu yeyote nyumbani. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kusema. Siku nzuri ya kusema neno baya haijawahi kuwepo, lakini vijana hawajui. Mchuuzi mmoja wa vitunguu aliyepita Mikumi ndiye aliyemwona, na habari ikapanda mlima kabla yake.

Krismasi ile Fausta alikwenda nyumbani na kucha zake zenye oili. Alimkuta baba yake kibarazani, akapiga goti kama alivyofundishwa tangu utoto.

"Shikamoo baba."

Mzee akautazama mlango. Hakuitikia.

Asiyejua mambo haya atasema ni neno tu. Si neno tu. Mzazi akikugombeza, wewe bado ni wake. Akikuchapa, bado ni wake. Lakini akiiacha shikamoo yako ianguke chini mbele ya wadogo zako, amekutoa nyumbani bila hata kukufungia mlango. Fausta alijaribu tena Pasaka, akajaribu tena msibani kwa shangazi yake, mzee akautazama mlango. Akimpigia, simu inaita mpaka inachoka. Mama yake, Mama Lea, ndiye aliyekuwa akimpigia kwa kificho kutoka shambani. "Vumilia mwanangu," alikuwa akimwambia. "Baba yako ana hasira, lakini hajawahi kulitoa jina lako kwenye sala ya jioni." Miaka miwili ikapita hivyo, na katika miaka hiyo Fausta hakutaka kitu duniani kama alivyolitaka lile neno moja, marahaba.

Kila Jumamosi Abubakari na mwenzake huipeleka kazi Kilosa mjini. Wanapanga kiwanja karibu na soko, wanayapiga jeki magari ya watu waliokuja kuuza na kununua, wanapiga picha za uvunguni na kumtumia Fausta aliyebaki Mikumi. Yeye anachagua, anaunganisha, anatia uso na sauti yake, na jioni anawatumia wenye magari. Mwenye gari akimaliza shughuli zake sokoni anachukua funguo na kwenda zake, majibu yatamkuta njiani au nyumbani. Herman ndiye aliyeuweka utaratibu huo ili mafundi wake wasibishane na watu juani.

Jumamosi moja, masika yakielekea ukingoni, picha zilianza kuingia kwenye simu ya gereji, na katikati yake Fausta akaiona pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu. Hakuhitaji kuangalia namba. Mlango ule aliukumbuka tangu siku ulipofungwa, baada ya fahali wa jirani kuukunja ule wa kwanza.

Abubakari akapiga.

"Dada Fausta, umeliona?"

"Nimeliona. Kalileta nani?"

"Mzee wako mwenyewe. Kaniuliza, nyie ndio wa Mikumi? Nikamwambia ndio sisi. Kaacha funguo, kaenda sokoni. Mimi nikawa chini ya Fuso, natoka nakuta kashachukua gari kaondoka."

"Hakuniulizia?"

Abubakari alikuwa mtu wa huruma lakini hakuwa mwongo. "Hakukuulizia. Ila dada, Kilosa imejaa mafundi. Yeye kaja kwetu."

Kisha Abubakari akaendelea, sauti yake ikiwa ya kazi sasa. "Sikiliza. Angalia gurudumu la nyuma kushoto. Paipu ya breki inasuguana na springi, imelika, imeanza kutoa jasho. Kupanda kwenda nyumbani atafika, akienda taratibu. Lakini asipakie mzigo, na asishuke nalo mlima mpaka tumbadilishie. Mpigie sasa hivi."

Alimpigia. Iliita. Alimpigia tena kwa simu ya gereji, ikaita; pengine alikuwa njiani anaendesha. Simu ya mama yake ilikuwa haipatikani, kama kawaida ya saa za shamba. Ya mdogo wake Upendo ilikuwa imezimwa. Ikabaki njia moja, video. Ingetoka kwenye namba ya gereji, na namba ya gereji mzee angeifungua, kwa sababu alikuwa anangoja habari za gari lake.

Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akajitanda kitenge juu ya ovaroli, akakaa kwenye benchi nyuma ya gereji. Akaanza kama Herman alivyofundisha. "Baba, paipu ya breki ya gari lako..." Akasimamisha, akafuta. Haikuwezekana. Miaka miwili hajaitikia salamu yako, halafu unamwibukia na paipu! Angesema huyu mtoto jeuri yake bado iko pale pale. Akaanza upya, na safari hii akaanza kama binadamu anavyoanza.

"Shikamoo baba. Ni mimi, Fausta. Najua nilikuudhi. Kuacha chuo sijui kama ni kosa, baba, lakini kukuficha ni kosa, nikakuacha usimame kanisani useme jambo ambalo halipo. Naomba unisamehe. Sijapotea. Nafanya kazi, nakula, Jumapili nasali. Kila mzee ninayemwamkia hapa, moyoni nakuamkia wewe."

Machozi yakamtoka. Akajifuta kwa ncha ya kitenge, kamera ikiwa inamtazama, akapandisha pumzi.

"Sasa baba, gari lako. Tazama hapa, nyuma kushoto. Unaona hii paipu inavyosugua springi? Unaona inavyolowa? Hayo ni mafuta ya breki. Ikipasuka, breki zote zinakufa. Nakuomba baba, usipakie mzigo wowote, na usishuke nalo mlima. Liache hapo hapo lilipo. Abubakari atakuja huko huko juu kukubadilishia. Nakuomba sana."

Alipokuwa anaunganisha picha, Herman alipita nyuma yake akachungulia. "Ndefu hiyo."

"Ni ya baba," Fausta akasema.

Herman akaenda kuchukua spana asiyoihitaji.

Video ikaenda. Tiki zikageuka buluu jua likianza kushuka. Kisha kimya. Fausta alifunga maboksi ya spana, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa, akarudi kwenye simu, kimya. Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti. Kwanza ilisikika pumzi, na watu wakizungumza kwa mbali, na kuku. Halafu sauti ile.

"Marahaba." Pumzi tena. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Fausta aliishika nusu yake kwa mikono miwili akalia pale benchini bila kujificha, na wachoma mahindi wakadhani amefiwa. Abubakari aliporudi kutoka Kilosa alimkuta macho yamevimba na uso unacheka.

"Vipi, mzee kaona?"

"Kaitikia," Fausta akasema, akamsikilizisha.

Abubakari akasema alhamdulillahi, akakaa chini na vumbi lake lote, akaomba aisikie tena. Na paipu ya breki hakuna aliyeikumbuka kwa muda ule. Baadaye Fausta aliandika, "Baba, umeona pale penye breki?" Akaitazama sentensi ile, akaifuta. Ilikuwa kama kupokea chakula halafu kuuliza chumvi. Aliogopa kulichafua lile neno kwa habari za vyuma. Akajiambia kwamba aliyesikia mwanzo amesikia na mwisho, na kwamba kesho wakitoka kanisani atampigia, atamwuliza kwa mdomo. Kama kuna anayelitafuta kosa, ni hilo hapo. Jingine hakuna.

Jumapili, kwenye ibada ya pili, aliimba kuliko siku zote. Alikuwa anatoka mlangoni mwa kanisa, anaiwasha simu ampigie baba yake, simu yenyewe ikaita. Alikuwa Upendo.

"Dada, uko na nani hapo?"

Kila mtu wa huku anajua swali hilo huja kufanya nini. Fausta hakumwambia yuko na nani. Alikaa kwenye ngazi za kanisa katikati ya watu waliokuwa wanasalimiana, akasema, "Sema tu."

Gari liliacha njia kwenye mteremko, kona ya chini ya shule. Baba mdogo Simoni alikuwa naye, amevunjika mkono. Baba yao hakufika hospitali.

Herman alifunga gereji siku hiyo hiyo. Yeye na Abubakari ndio waliompeleka nyumbani. Abubakari, walipofika Kilosa na kukipita kile kiwanja cha karibu na soko, aligeuza uso upande wa pili.

Upendo alimpokea dada yake kwa kilio, na kilio kilipopungua akamvuta chumbani, amweleze jambo la kumfariji. Maskini, alidhani linafariji. Alieleza jinsi video ilivyofika Jumamosi, mzee akiwa ameketi na watu kibarazani, jinsi alivyouona uso wa Fausta na kusimama wima na simu mkononi. Alimwita mama aje. Akamwita Simoni. Majirani wakajaa. Akawa anairudia toka mwanzo, na kila akifika pale Fausta anapojifuta machozi, anasimamisha, na yeye anajifuta.

"Mama akamwambia, iache basi iendelee. Baba akasema, mengine ni ya gari, nitayaona kesho. Akairudisha tena mwanzo."

Fausta akamgeukia. "Hamkuisikiliza mpaka mwisho? Hata mmoja?"

"Nani alikuwa na haja na gari, dada? Watu walikuwa wanalia." Upendo akamshika mkono. "Leo asubuhi, ibada ya kwanza, alisimama kanisani, pale pale aliposimama mwaka ule. Akasema, mwanangu ni fundi, na ameniamkia, na leo naenda kumwona. Tulivyotoka tu, akapakia. Maharage mapya, mikungu ya ndizi, kuku. Baba mdogo alimwambia mzigo ni mwingi, akasema mtu huendi kupatana na mwanao mikono mitupu. Mama angefuata na basi kesho."

Kwa hiyo alikuwa anakuja kwake. Mzigo ule wote, mteremko ule wote, ulikuwa wa kwake. Kuna huzuni ambayo mtu anaweza kuilia, na kuna nyingine inayomkausha macho. Fausta alikaa kitandani kwa mdogo wake akaamua jambo moja tu, kwamba mama yake asije akajua kuwa walikaa na onyo lile mkononi jioni nzima. Kufiwa kulimtosha mama. Asiongezewe na hilo.

Walimzika Jumanne. Makaburini mchungaji alizungumza vizuri, na kwaya ya akina mama iliimba kwa Kikaguru nyimbo ambazo mzee alikuwa akizianzisha mwenyewe. Watu waliporudi na kula, wazee wa ukoo walikaa sebuleni, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima. Simoni alikuwa na mkono kwenye plasta na macho yasiyolala.

"Mimi nilikuwa ndani ya gari," alisema. "Alikanyaga breki, ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Akaniambia, Simoni, shikilia. Akalivuta gari upande wa mlimani, upande wake yeye, ndiyo maana mimi nazungumza hapa." Akauweka sawa mkono wenye plasta. "Gari hilo lilikaguliwa Jumamosi. Nataka kujua. Waliokagua waliona nini, na walisema nini? Wako hapo nje, tumewapa chakula. Mimi sina ugomvi. Nataka kujua tu."

Dirishani walionekana Herman na Abubakari wamesimama chini ya turubai, sahani mkononi, hawali.

"Video ipo kwenye simu ya marehemu," mzee mmoja akasema. "Ile ile."

Mama Lea aliifungua ncha ya kanga yake akaitoa simu. Akamnyooshea binti yake. Fausta akaipokea kwa mikono miwili, akakaa chini katikati ya sebule, na uso wake mwenyewe ukatokea pale, na sauti yake ikasema shikamoo baba. Wanawake wakaanza kulia upya. Sauti ikaomba msamaha, ikasema kila mzee ninayemwamkia. Pale mwenye sauti anapoinua ncha ya kitenge, Fausta alibonyeza, ikasimama.

"Yaliyobaki ni ya gari," akasema.

"Ndiyo ninayoyataka hayo," Simoni akasema.

"Hamna kitu, baba mdogo." Alikuwa anatazama sakafu. "Abubakari alinitumia picha akaniambia nitazame vizuri. Mimi ndiye sikuona. Mafundi hawana kosa, kosa ni langu. Sikuona."

Simoni akasema kwa sauti ndogo, na pengine alijuta neno lilipokuwa bado mdomoni: "Basi marehemu alikuwa na haki ya kutokukuitikia."

Fausta hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akalipokea neno lile lote, na ndani ya moyo wake hakuliona kubwa kuliko alivyostahili.

"Nipe simu hiyo," Mama Lea akasema.

"Mama, acha tu."

"Nipe."

Mama Lea hakujua mambo mengi ya simu, lakini kile kitufe cha pembe tatu alikuwa amekijua. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Sebule nzima ikasikia pumzi ikipandishwa, na sauti ile tulivu ya Fausta ikasema, sasa baba, gari lako. Ikaonyesha paipu. Ikaonyesha unyevu. Ikasema usipakie mzigo wowote. Ikasema usishuke nalo mlima. Ikasema nakuomba sana. Halafu ikaisha, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Nimeisikiliza jana jikoni, peke yangu," mama akasema. "Nilitaka tu kumwona mwanangu akimwamkia mume wangu. Kidole kikachelewa kuisimamisha." Akaifunga simu tena kwenye ncha ya kanga, taratibu, fundo juu ya fundo. "Shemeji Simoni, usimwambie mwanangu maneno hayo tena. Alimwambia baba yake. Alimwambia vizuri kabisa. Sisi ndio tulikuwa tunalia."

Simoni akajifunika uso kwa mkono wake mzima. Fausta alitambaa kwenye mkeka mpaka miguuni kwa mama yake akalaza kichwa hapo, na machozi yaliyokuwa yamekataa tangu Jumapili yakatoka yote. Mama hakumbembeleza kwa maneno. Alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka wageni walipoanza kuaga.

Fausta alirudi Mikumi baada ya matanga. Herman alimwambia apumzike, hata kazi ya video ampe mtu mwingine. Alikataa. Lakini alibadilisha jambo, na wateja wa zamani wakaliona mara moja.

Mzee mmoja wa Ruaha, mwenye lori la kubeba miwa, ambaye alikuwa amezoea kuamkiwa na kuulizwa habari za wajukuu wake mmoja mmoja, alitumiwa video inayoanza hivi: "Mzee, usiliendeshe gari hili. Tazama hapa." Akaonyeshwa ngoma ya breki iliyopasuka, mwanzo mpaka mwisho, na uso wa Fausta haukutokea popote. Akapiga simu amekasirika.

"Binti, siku hizi mmekuwa watu wa namna gani? Unaanza na vyuma! Shikamoo yenyewe nimeikuta huko mwisho kabisa, nikadhani nimesahauliwa."

"Umeikuta, mzee?"

"Nimeikuta, ndiyo. Huko mwisho."

"Basi na breki umeiona."

Mzee akacheka. "Nimeiona. Lori halitoki hapo mpaka mlitengeneze. Haya, marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Fausta alimshukuru akakata simu. Ujumbe wa baba yake bado ulikuwa kwenye simu ya gereji, na tangu mazishi hakuwahi kuufungua, na maneno yake yalikuwa yale yale aliyoyasikia sasa hivi. Akachukua tochi, akaingia chini ya lori, akalala pale chali. Abubakari aliiona miguu yake imetulia, haifanyi kazi yoyote. Akawaambia wengine wasimwite kwanza.